Mbwa wa Kimihurura

Mbwa yule tulimkuta amefungwa mnyororo kwenye kibaraza cha nyuma, na mnyororo ndio uliomponya. Angekuwa huru, sajini wetu angempiga risasi kabla hatujamaliza kuvuka ua.

Ilikuwa Kimihurura, mwezi wa Aprili mwaka wa tisini na nne, na mvua ilikuwa hainyamazi. Tulikuwa tumeingia Kigali kwa miguu kutoka kaskazini, tumechoka kiasi kwamba mtu anasinzia huku anatembea. Ndani ya mji Watutsi walikuwa wanauawa nyumba kwa nyumba, na sisi, wana wa wale waliokimbilia nje miaka mingi nyuma, tulikuwa tunapigana kuingia. Sehemu yetu ya kikosi ilipewa nyumba za wazungu ukingoni mwa kilima, tukae humo tumzuie adui aliyekuwa upande wa chini asipande. Wenye nyumba walikuwa wamekwisha kuondoka. Askari wa kigeni walikuja na malori wakawachukua wazungu wa mtaa mzima, na wenye mbwa wadogo waliwapakata wakapanda nao. Watumishi wao waliachwa wamesimama barabarani. Mbwa wetu alikuwa mkubwa, nadhani ndiyo sababu hakupata nafasi.

Mlinzi wa nyumba, Mnyarwanda wa makamo aliyevaa makoti mawili, alikuwa amelala getini, ameuawa siku nyingi. Mbwa wengine wa mtaa walikuwa wamekwisha kumfikia. Tulipoingia waliondoka pale taratibu, bila hofu, wakaenda kukaa mbali kidogo wakitutazama, kama watu waliokatishwa chakula wakijua mgeni hatakaa sana. Mimi nilikuwa mwuguzi wa sehemu ile, nilikwisha kuona maiti nyingi, lakini utulivu wa wale mbwa ulinifanya nishike ukuta.

Ndipo tukasikia mnyororo unagonga sakafu huko nyuma.

Sajini alizunguka nyumba bunduki mkononi. Alikuwa mtu mzima kuliko sisi sote, amekulia Kampala, amepigana vita vya huko kabla ya hivi vyetu, na kwake jambo lilikuwa moja tu.

"Toka hapo, niimalize," alisema.

Aliyekuwa amesimama mbele yake ni kijana tuliyemwita mchunga ng'ombe. "Afande, hii iko na mnyororo," alisema. "Tazama. Haijatoka hapa. Haijakula mtu."

Sajini alitazama. Mbavu za mbwa zilihesabika. Chini ya michirizi ya bati palikuwa na beseni lililojaa maji ya mvua, na mbwa alikuwa amekwangua plasta ya ukuta mpaka matofali yakaonekana, sijui alikuwa akitafuta nini humo. Hakubweka. Alikuwa amesimama miguu ikimtetemeka, anaunguruma kwa sauti ndogo.

Mchunga ng'ombe aliketi chini kwenye maji, akampa mbwa mgongo. Akakaa hivyo hivyo mpaka sajini akachoka kusubiri akaingia ndani kukagua vyumba. Niliporudi kutoka kumfunika yule mlinzi, mbwa alikuwa ameweka kidevu chake kwenye bega la yule kijana, na wote wawili wamefumba macho.

Nisimulie kidogo habari za kijana huyo. Alizaliwa kambini magharibi mwa Uganda, wazazi wakimbizi, na tangu mdogo kazi yake ilikuwa ng'ombe za watu. Alikuwa na mbwa wawili wa kuchungia. Mwaka wa tisini vita vilipoanza, alimwambia mama yake anapeleka ng'ombe kunywa maji, akaziacha ziwani na mwenzake, akapanda lori la wanaokwenda mpakani. Wale mbwa walilifuata lori mbali sana. Alikuwa anaweza kukueleza kuhusu makombora na njaa ya milimani uso wake haubadiliki, lakini akifika kwenye habari ya mbwa wale kulikimbilia lori alikuwa anabadilisha mazungumzo.

Mimi nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, nikaacha masomo ya uuguzi mwaka wa tisini na moja nikavuka. Nilimjua tangu kaskazini, kidonda cha mguuni mwake kilipooza nikawa namsafisha kila asubuhi. Watu wameniuliza kama tulipendana. Huwa najibu hapana, na si uongo, ingawa jibu hilo huwa linaniacha na uzito. Tulizungumza Kiswahili, mimi changu cha Karagwe, yeye chake cha jeshini, kwa kuwa Kinyarwanda cha kila mmoja wetu kilikuwa cha nyumbani kwao, na tuliona haya kukisema katika nchi yenyewe.

Jikoni mwa nyumba ile tulikuta makopo ya chakula, kabati zima. Kila kopo lina picha ya mbwa anayecheka. Sajini, aliyejua Kifaransa kidogo, alisoma akasema, "Hiki ni chakula ya mbwa." Tukatazamana. Tulikuwa tunakula mahindi ya kuchemsha mara moja kwa siku. Tukafungua makopo, tukachanganya na mahindi, tukala. Mchunga ng'ombe peke yake alikwenda na kopo lake nje, akalipeleka lote kibarazani.

"Wewe hutaki?" nilimwuliza.

"Ni chake, dada. Sisi tumemkuta."

Hakumpa jina. Alimwita "wewe". "Wewe, njoo." "Wewe, lala." Alimfungua mnyororo akamfunga kamba ya katani, na ncha ya pili akaifunga kwenye mkanda wake mwenyewe, mchana na usiku. Sajini alikubali kwa sharti moja, nami nilikuwepo alipolisema.

"Siku yoyote hiyo mbwa ikigusa maiti, hata kunusa tu, mimi mwenyewe naipiga. Hutaniambia mambo ya mnyororo."

"Ndiyo afande."

"Na wewe hutalia."

"Sitalia, afande."

Wiki zilizofuata ndizo zilizokuja kunifanya hadi leo nisipende kupita Kimihurura, hata sasa palipojengeka namna ile. Mbwa wa mji walikuwa wamenenepa. Walitembea makundi makundi, manyoya yanang'aa, na walikuwa wameacha kabisa kumwogopa binadamu. Wengine bado walikuwa na mikanda shingoni, mikanda mizuri ya ngozi. Amri ilikuja kutoka juu kwamba kila mbwa aliye huru apigwe, risasi ni chache lakini kwa hili zitumike. Na mwenye shabaha nzuri kuliko wote katika sehemu yetu alikuwa mchunga ng'ombe.

Alifanya kazi ile. Kila alipokuwa anatoka kwenda kuifanya alimfungia mbwa wake bafuni, anafunga na dirisha. Aliporudi alikuwa ananawa kwanza, ndipo anafungua mlango. Siku moja nilimkuta amekaa ukingoni mwa bafu la wazungu, mbwa amelala miguuni pake, mlio wa risasi za wenzake unasikika kutoka barabarani.

"Hawa walikuwa wanalinda nyumba," aliniambia. "Kila moja ilikuwa na mtu wake. Ikisikia gari ya mtu wake inajua."

Nilikaa kando yake ukingoni.

"Mbwa haijui kitu kama hii," alisema tena. "Inafundishwa na njaa. Lakini watu, dada, watu walikuwa wameshiba."

Mbwa alikuwa na faida, hilo hata sajini alikiri. Masikio yake yalituonya mara kadhaa kabla adui hajafika chini ya ukuta. Na ndiye aliyemgundua yule mama.

Tulikuwa tunapita nyuma ya nyumba za watumishi, mchana, mchunga ng'ombe mbele na kamba yake. Mbwa akasimama kwenye rundo la mabati na mabua, akakataa kusogea. Akaanza kulialia. Sajini akainua bunduki, akidhani kuna maiti na sharti lake limefika. Mchunga ng'ombe akapiga magoti akaanza kuondoa mabati kwa mikono. Chini palikuwa na shimo la choo ambalo halijaanza kutumika, na ndani ya shimo mwanamke, hai, macho yamemtoka, midomo imepasuka.

Alipoona nyuso zetu alitazama tu. Alipoona kichwa cha mbwa ukingoni mwa shimo akapiga yowe. Sijapata kusikia sauti kama ile. Akajikunyata, akaanza kujifukia udongo kwa mikono, akisema kwa Kinyarwanda turudishe mabati, turudishe mabati, tafadhali.

Mchunga ng'ombe alimvuta mbwa mbali mbio, akaenda kukaa naye nyuma ya nyumba. Mimi nikashuka shimoni. Nilimwambia, "Mama, tumekuja kukutoa. Mbwa yule ndiye aliyetuonyesha ulipo."

"Basi angeniacha," alisema.

Alikuwa mfanyakazi wa nyumba ya pili. Ndiye aliyeniambia habari ya malori na mbwa wa kupakatwa. Alikuwa na watoto, na watoto wake waliuawa kwenye kichaka kilicho karibu na shimo, naye akiwa shimoni. Mbwa walikuja baadaye. Alisikia.

Tulimpeleka Kimironko, upande ambao tulikuwa tumekwisha kuushika, kwenye nyumba niliyokuwa nimeigeuza ya wagonjwa. Siku hizo Kimironko ilikuwa mashamba mengi kuliko nyumba. Nilikuwa nakaa huko siku kadhaa, kisha napanda tena kwa wenzangu. Mchunga ng'ombe alikuwa akishuka na majeruhi au kuchukua chakula, na mara ya kwanza aliposimama mlangoni, yule mama aligeuza uso ukutani akaanza kutetemeka. Alikuwa amesikia harufu ya mbwa nguoni mwake.

Tangu siku hiyo kila aliposhuka aliacha mbwa kwa wenzake, akaenda kuoga kwenye kisima kilichokuwa chini ya njia, akabadilisha shati. Alikuwa na shati la pili, la mzungu wa ile nyumba, lenye mikono mirefu. Kisha anakuja kusimama mlangoni, haingii, anatoa alichopata: sukari kwenye kipande cha nailoni, ndizi, siku moja sabuni.

"Mama, umeamka vizuri?"

Mama hamjibu. Anapokea kwa mikono miwili kama desturi inavyotaka, anageukia ukuta.

Ilikuwa siku ya nne au ya tano aliposema neno. "Yuko wapi mnyama wako?"

"Amefungwa, mama."

"Mfunge vizuri."

"Namfunga vizuri."

Nilimsindikiza mpaka njiani. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Yule mama iko na haki," aliniambia. "Mimi nikitazama hiyo mbwa naona mbwa. Yeye anaona ile ingine yote. Na mimi siwezi kuiacha, dada. Nikiiacha ndiyo itakuwa kama ile ingine."

Mwisho wa Mei tuliteremka tukavuka kwenda Kicukiro, na sehemu yetu ikapangwa Niboye. Hapo ndipo mchunga ng'ombe alipokuwa na ndugu. Dada wa mama yake hakukimbia mwaka ule wazazi wetu walipokimbia. Aliolewa akabaki, akazaa, na watoto wake wakazaa. Tangu kaskazini mchunga ng'ombe alikuwa na maelekezo ya nyumba yake kichwani, aliyofundishwa na mama yake utotoni kama mtu anavyofundishwa sala: unapita kanisa, unashuka kwenye mikaratusi, nyumba yenye mlango wa bluu.

Tuliikuta. Mlango haukuwepo wala bati, na ndani majani yalikuwa yameanza kuota sakafuni. Maiti haikuwepo hata moja, wala kiatu, wala sufuria. Tulizunguka. Jirani wa kumwuliza hakuwepo, kwa sababu nyumba za majirani nazo zilikuwa hivyo hivyo. Alisimama katikati ya chumba akiangalia juu, anga tupu. Mbwa aliketi kando yake akaangalia juu pia.

"Pengine walikimbia," alisema.

"Pengine," nikasema.

"Bugesera iko karibu. Mtu anaweza kufika Burundi."

"Anaweza."

Alijua, nami nilijua. Alikuwa anatoka Uganda miaka minne anatembea kuja kwenye mlango ule. Akakaa chini akaegemea ukuta na kumkumbatia mbwa shingoni, na nikatoka nikawaacha. Kutoka siku hiyo hakutaja tena nyumba, wala mama yake, wala ng'ombe. Alifanya zamu zake, alikula alichopewa, alimgawia mbwa nusu. Nikimsemesha anajibu. Usipomsemesha anaweza kukaa kutwa nzima bila neno. Sajini aliniita kando akaniuliza, "Huyu mtoto wetu ni mgonjwa?" Nikamwambia si ugonjwa ninaoujua dawa yake.

Chini ya Niboye kuna bonde, mashamba ya viazi vitamu kisha mafunjo na maji. Tulikuwa tunateka maji huko alfajiri kabla jua halijatoka, kwa sababu adui alikuwa na wapiga shabaha kwenye kilima cha ng'ambo. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, na pengine ndiyo sababu alikawia. Alikwenda na jerikani na mbwa. Ukungu ulipasuka ghafla, kama mtu amevuta pazia, naye alikuwa katikati ya viazi anarudi. Risasi ilikuwa moja. Tuliona jerikani inaanguka kabla yake.

Sajini alitaka kushuka hapo hapo. Alitoka hatua chache risasi zikachimba udongo mbele yake, akarudi kwa tumbo. Tulimwita mchunga ng'ombe, sote, kwa sauti. Hakuitika, hakutikisika. Nilichukua darubini ya sajini nikaona kichwa chake kilivyokaa, na nikajua hapakuwa na kazi yangu tena pale. Ilibidi tungoje giza.

Nilikuwa sijapata kujua siku inaweza kuwa ndefu vile. Mbwa hakukimbia. Alimzunguka, akamnusa usoni, akalala kando yake, tumbo limebanwa na ubavu wake, kama walivyokuwa wakilala kila siku. Ng'ambo walimfyatulia mbwa risasi mbili tatu kwa kujifurahisha, tukawasikia wakicheka, wakakosa. Jua lilipanda. Nzi walikuja, na kila baada ya muda tuliona kichwa cha mbwa kinainuka kuwafukuza usoni mwake.

"Imekaa," sajini alisema. Akasema tena baadaye, "Bado imekaa."

Mchana ulipogeuka, mbwa wengine walitokea kwenye mafunjo. Tulikuwa tunawajua kwa mwendo wao. Majani ya viazi na magugu yalikuwa marefu, hatukuona vizuri. Tuliona migongo, tuliona majani yanavyotingishika, tukasikia ugomvi wa mbwa, ule mlio mbaya, ukikoma na kuanza tena. Kuwapiga kutoka pale kulikuwa na hatari ya kumpiga mchunga ng'ombe au mbwa wake. Sajini alikuwa amelala kifudifudi, meno yameshika mkono wa koti lake.

Kisha kukawa kimya. Jua lilikuwa linakaribia kuzama, mwanga umekuwa mwekundu, mbaya kwa kuonea. Sajini alishika darubini, mimi nilikuwa kando yake. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Inamla," alisema.

"Afande, ngoja."

"Iko shingoni. Inavuta. Mungu wangu, inamvuta shingoni."

Nikamwomba darubini, hakunipa. Kwa macho yangu niliona kitu cheusi kimeinamia kitu kilicholala, kinajitupa nyuma, kinasimama, kinajitupa tena. Nilisema, "Afande, huyo ni mbwa wake, ngoja giza liingie," lakini alikuwa amekwisha kuweka bunduki begani. Machozi yalikuwa yanamtoka. Aliyafuta kwa bega ili aone. Akapiga mara moja tu.

Giza lilipoanza kufunika bonde tuliteremka watatu, sajini, mimi, na mwenzetu mwingine wa kubeba. Mbwa alikuwa amekufa. Sikio lake moja halikuwepo, miguu ya mbele ilikuwa imechanwa na meno mpaka mfupa, na mbwa wa mjini wawili walikuwa wamelala wamekufa karibu, mmoja ana mkanda wa ngozi. Mchunga ng'ombe alikuwa mzima. Nasema mzima kwa maana ya kwamba zaidi ya tundu la risasi hapakuwa na alama yoyote mwilini mwake, si mkononi, si usoni. Nilimpapasa mwili mzima gizani, nikarudia. Ukosi wa koti lake ndio uliokuwa umeraruka, umelowa mate. Na nyuma ya miguu yake kulikuwa na mstari kwenye matope, viazi vimeng'oka, majani yamelala upande mmoja, kutoka mahali jerikani ilipoangukia hadi pale. Mbwa alikuwa anamburuta kumleta kwetu. Alikuwa amekwisha kumvuta karibu nusu ya shamba.

Sajini alipitisha mkono kwenye mstari ule kama kipofu. Akamchukua mbwa begani, sisi tukambeba mchunga ng'ombe, tukapanda.

Kulikuwa na mzee wa Niboye aliyejitokeza siku chache kabla kutoka alikokuwa amejificha, naye ndiye aliyekuwa na jembe. Alitusaidia kuchimba asubuhi yake, kwenye ua wa ile nyumba isiyo na mlango. Tulipomlaza, sajini akamleta mbwa, akapiga magoti ili amweke miguuni pake. Mzee akazuia kwa mpini wa jembe. Hakukasirika, sauti yake ilikuwa ya upole.

"Mwanangu," alisema, "mimi wa kwangu bado wako nje. Mke wangu yuko kwenye mfereji pale chini. Usimzike mbwa kabla yake."

Sajini alibaki amepiga magoti, mbwa mikononi. Kisha akainuka, akamlaza mbwa kwenye majani kando ya barabara, akachukua jembe mkononi mwa mzee. "Tuonyeshe," alisema. Tulichimba mpaka jioni, kaburi moja baada ya jingine. Tuliporudi barabarani mbwa hakuwepo. Kikosi cha usafi kilikuwa kimepita na lori, kikawakusanya mbwa wote waliokufa, wamwagiwe dizeli wachomwe mahali pamoja. Sajini hakuuliza ni wapi.

Nilishuka Kimironko kumwambia yule mama, kwa kuwa alikuwa ameuliza mara mbili kwa nini kijana wa sukari haonekani. Nilimweleza yote, na habari ya mbwa nayo. Sikujua kama ni vizuri, lakini sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Alisikiliza akiwa amekaa kitandani, mikono mapajani.

"Hakuguswa?" aliuliza.

"Hakuguswa, mama."

"Hata uso?"

"Hata uso."

Alitikisa kichwa polepole. "Wangu walikuwa wawili," alisema, "na hakuna kitu chochote kilichowalalia." Akajilaza, akageukia ukuta, na mimi nikakaa hapo pembeni mpaka nikaitwa kazini. Hatukuzungumza tena habari hiyo. Aliishi. Alipata kibanda sokoni baada ya vita, akauza nyanya, na ukimpita alikusalimu kama watu wote.

Mji tuliuchukua Julai. Kigali ile ilikuwa haina mbwa hata mmoja. Unaamka alfajiri, jogoo hakuna, mbwa hakuna, unasikia kufuli la mlango wa mtu aliye mtaa wa pili. Watu wa nje waliokuja kutembelea walisema ni mji mtulivu.

Sajini aliacha jeshi alipoweza. Alirudi Kampala, na mara ya mwisho niliposikia habari zake alikuwa anakunywa sana. Hakunitafuta wala mimi sikumtafuta. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa anaogopa mwenzake atamtaja mbwa.

Mama yake mchunga ng'ombe alifika mwishoni mwa mwaka ule, juu ya lori la watu waliokuwa wanarudi na ng'ombe zao. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini kama ya mwanawe. Nilimpeleka Niboye. Ukoo mwingine ulikuwa umeingia kwenye ile nyumba ya dada yake, umeweka turubali juu, lakini kaburi walikuwa wameliheshimu, wakalizungushia mawe. Alikaa chini kando yake muda mrefu akipitisha vidole kwenye udongo, akitoa nyasi moja moja.

Kisha akaniuliza kwa Kinyarwanda, "Alikufa peke yake?"

"Hapana, mama," nikasema.

"Ulikuwa naye wewe?"

"Mimi nilikuwa juu. Kulikuwa na mwingine naye. Alikaa naye kutwa nzima."

Alishika mkono wangu. "Yuko wapi? Nimshukuru."

"Alikufa jioni ile ile, palepale."

Machozi yalimtoka wakati huo, kabla ya hapo alikuwa hajalia. "Naye ana mama," alisema. "Kwao ni wapi, niende nimpe pole?"

Nilimwambia hatukupata kujua kwao. Akaniomba basi angalau nimwonyeshe alipozikwa, amtengenezee naye kaburi lake. Nikamwambia siku hizo wengi walizikwa haraka, pahala pake hapajulikani. Akavua kitenge chake cha juu akakitandika kwenye mawe, upande wa miguu wa mwanawe, akasema kitakuwa cha huyo mwingine. Tukapanda kwenda kutafuta lori, yeye mbele, akitembea haraka kwa sababu ng'ombe zilikuwa bado hazijanywa maji.